Waliomo na Wasiomo katika Nchi ya Unyoofu

Nchi ya Unyoofu haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake husema kosa ni la ramani. Msomaji asihangaike kuitafuta, wala asije akadai kwamba anaifahamu. Mambo yaliyotokea huko hayawezi kutokea kwetu, maana sisi tuna serikali.

Ilikuwa nchi iliyopenda vitu vilivyonyooka. Mto wa Kitopeni, uliokuwa ukipinda huku na kule kama mlevi anayerudi kwake, ulinyooshwa kwa matingatinga. Ukakauka, na mpaka leo husifiwa kuwa ndio mto mnyoofu kuliko yote ulimwenguni. Ndizi zilikuwa haziuzwi sokoni mpaka zifungwe kwenye kipande cha ubao. Basi siku wafadhili wa ng'ambo walipokuja na sharti kwamba masomo yote, na hasa biolojia, yawe jumuishi, Waziri wa Elimu na Mizani alilipokea neno hilo kwa mikono miwili, akaenda nalo redioni kabla hajauliza maana yake.

Waziri huyo aliitwa Mheshimiwa Profesa Mhandisi Mavumbuo.

"Itifaki imezingatiwa," alianza. "Ndugu wananchi, kuanzia leo biolojia yetu ni jumuishi. Hakuna atakayeachwa nje. Na ili kuhakikisha hakuna atakayeachwa nje, Serikali yenu sikivu imeamua kuifuta nje yenyewe. Kila mtu yumo. Asiyekuwemo hayupo!"

Watu wakapiga makofi. Wafadhili, ambao mkalimani wao alikuwa ameishia kwenye "kila mtu yumo", wakapiga makofi zaidi.

Ikaundwa kamati ya wataalamu: jenerali mstaafu, mganga wa Ikulu, mshereheshaji wa harusi, na mchoraji wa mabango ya saluni. Kamati ikatoa picha mbili za mwanadamu, zikatundikwa katika kila chuo. Ya kwanza iliitwa Bwana Taifa, naye alichorwa na kitambi kilichofanana mno na kitambi cha Rais. Ya pili ilikuwa ya Bi Taifa. Huyo alichorwa amegeuza uso, kwa kuwa wajumbe hawakuelewana uso wa mwanamke unapaswa kuwaje. Kuhusu moyo palizuka ubishi mkali. Mganga alisema uko kushoto. Jenerali akauliza tangu lini taifa linaruhusu moyo wa raia kuegemea upande. Ukachorwa katikati.

*

Mwalimu Kidawa alifundisha biolojia katika Chuo cha Wananchi cha Kitopeni. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima waliotoka kazini mchana wakiwa na mavumbi miguuni: mama lishe, vinyozi, waendesha bodaboda, wakunga wa jadi. Walikuwa wakisomea uhudumu wa afya ya vijiji. Aliwapenda, nao walimpenda, kwa kuwa alikuwa na kipaji cha kulieleza figo mpaka mtu akatamani kuwashukuru wazazi wake kwa kumpa mawili.

Siku alipotundika picha za kamati, aliwaambia kwamba moyo wa mwanadamu uko katikati ya kifua.

"Lakini mwalimu," akasema kinyozi mmoja aliyekuwa na mkono kifuani, "wangu nausikia unadunda huku kushoto."

"Unapapasa vibaya," akajibu Kidawa.

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amemkumbuka Mwalimu Chaula wa chumba cha pili, aliyekuwa amesema "kushoto" mbele ya mkaguzi. Kesho yake Chaula alihamishiwa chuo ambacho kilikuwa hakijajengwa. Aliamriwa kuripoti kiwanjani, na huko akawa anaripoti kila asubuhi, akivisalimu vichuguu.

Mkuu wa chuo, Bwana Lutambi, alikuwa mtu mwema aliyeharibiwa na kiti cha kuzunguka. Kidawa alipomwendea kulalamika, alizunguka mara moja, akatazama dirishani, akazunguka tena.

"Mwalimu Kidawa, dada yangu," akasema, "ukweli wako mimi naujua. Hata mimi wangu uko kushoto. Lakini niuweke wapi? Kabati limejaa miongozo."

Basi Kidawa akaendelea kufundisha kilichokuwa ukutani. Jioni akiosha vyombo alijikuta akiongea peke yake, akieleza mambo kwa usahihi mbele ya sufuria.

*

Katika darasa lile kulikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Nyamizi, fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na macho yasiyoshuka. Alisoma akiwa na mtoto wake mchanga mgongoni, mtoto aitwaye Tunu. Siku moja, wenzake walipotoka, alibaki. Akafunga mlango.

"Mwalimu, nina swali la darasani, lakini si la kuuliza darasani."

"Uliza, mama Tunu."

"Kitabu chako chote, tangu jalada mpaka jalada, na hizo picha zako mbili. Mwanangu yumo?"

Kidawa akauliza ana maana gani. Nyamizi akaeleza kwa sauti ya chini, akitazama dirisha. Mkunga alipompokea mtoto alinyamaza kwa muda mrefu, na wakunga si watu wa kunyamaza. Hakuweza kusema ni wa kike, wala hakuweza kusema ni wa kiume. Mama mkwe akatamka neno ambalo watu wa zamani walilijua, huntha, akafunika kinywa. Nyamizi alimpeleka mtoto kwa daktari wa watoto katika hospitali ya misheni. Daktari akampima damu na mkojo, akasema: mtoto mzima, ananyonya, anakua, hana ugonjwa wowote, mwacheni. Lakini zahanati ya serikali ilikwisha kutoa taarifa, na sasa Idara ya Kunyoosha ilikuwa imempa wito.

"Wanasema watamkata," akasema Nyamizi. "Wanasema si kumkata, ni kumnyoosha ili aingie kwenye picha. Nikauliza picha ipi. Wakasema ipi tu, hilo halina shida, waulize chuoni kwako. Ndiyo nakuuliza. Yumo?"

Kidawa alilijua jibu. Alilisoma ujanani, kabla ya kamati, katika vitabu ambavyo sasa vilikuwa vikifungiwa vitumbua. Lakini nyuma ya mlango alisikia viatu vikipita, vikasimama, au alidhani vimesimama.

"Katika kitabu," akasema, "hayumo."

Nyamizi alimtazama kama anayetazama nguo iliyoharibikia mkononi mwa fundi aliyemwamini.

"Basi mimi nimezaa nini?" akauliza.

Akamkaza mtoto mgongoni, akaondoka. Siku iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

*

Kidawa hakula vizuri juma zima. Neno "hayumo" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipojaribu kulimeza kwa kujiambia kwamba ana wazee wa kulisha na hakuiunda yeye kamati, lilizidi kuzama. Mwishowe akajifunga mtandio akaenda kwa Nyamizi mchana kweupe.

Alimkuta mume, Sadala, mchomeleaji wa mageti, amekaa kibarazani na mtoto mapajani. Nyamizi alikuwa kwenye cherehani. Hakusimama, wala hakuacha kushona.

"Nimekuja kusema nilichopaswa kusema," Kidawa akaanza. Akawaeleza yote. Kwamba tumboni sote huanza kwa njia moja, kisha njia hugawanyika. Wengi hushika huku, wengi hushika kule, na wapo wanaosimama njia panda tangu dunia iumbwe, nao ni wazima, wanakula, wanacheka, wanazeeka. Kwamba mtoto asiyeumwa hakatwi. Kwamba kisu kikipita pale kinaweza kuondoka na mambo ambayo hakuna atakayeyarudisha. Kwamba huyu ataachwa akue, na siku moja atasema mwenyewe yeye ni nani.

Cherehani ikanyamaza.

"Sasa mbona darasani ulisema hayumo?" akauliza Sadala.

"Darasani nilisema kilichoko ukutani."

"Basi mwalimu, sisi hapa kibarazani hatuna kisu. Ungekwenda kuyasema huko kwenye kisu."

Ndipo Kidawa alipowaambia utaratibu, maana aliujua. Mtoto asiyejulikana picha yake hupelekwa kwanza kwa mwalimu wa biolojia wa chuo cha karibu, ambaye huitwa Shahidi wa Maumbile. Shahidi hutamka "wa kwanza" au "wa pili", kisha Idara huchukua mtoto na kumaliza kazi. Shahidi asipotamka, Idara haiwezi kushika kisu. Hakuna shahidi aliyewahi kukataa, kwa hiyo hakuna aliyejua kitakachompata.

"Sitatamka," akasema. "Nitasema mtoto mzima, hana ugonjwa, arudishwe nyumbani. Hayo tu."

Nyamizi akainuka, akamtwaa mwanawe kutoka kwa mumewe.

"Hayo tu," akarudia. "Mwalimu, sitaki makubwa. Sitaki hotuba. Nataka kurudi naye nyumbani, basi."

"Nakuahidi, mwanangu."

*

Kumbe Waziri naye alikuwa na mipango yake. Wafadhili walikuwa wamekuja kukagua ujumuishi, wakataka kuuona kwa macho. Mheshimiwa Mavumbuo akaamuru mtoto wa Kitopeni asishuhudiwe ofisini, bali hadharani, katika uwanja wa chuo, ili wageni waone jinsi raia mchanga anavyoingizwa ndani ya taifa.

Siku hiyo palipambwa kuliko harusi. Bendi ya magereza ilipiga muziki ulionyooka. Bwana Lutambi alitoka nje na kiti chake cha kuzunguka, akakiweka jukwaani, akazunguka kumfuata kila mkubwa aliyepita. Picha mbili zilisimamishwa mbele, na chini yake meza iliyofunikwa kitambaa cheupe. Pembeni walikaa watu wawili wa Idara ya Kunyoosha, wamevaa glavu tayari.

"Ndugu wageni waalikwa," akasema Waziri, "nchi nyingine zinazungumza kuhusu ujumuishi. Sisi tunaufanya! Raia huyu leo asubuhi alikuwa nje. Kabla ya chakula cha mchana atakuwa ndani. Shahidi, pita mbele. Wa kwanza au wa pili?"

Kidawa akapita mbele. Nyamizi alisimama karibu na meza, mtoto kifuani, amemfunika kanga mpaka kidevuni. Kidawa akashika kipaza sauti.

"Si wa kwanza wala wa pili," akasema. "Mtoto huyu mzima. Hana ugonjwa. Arudishwe nyumbani."

Angenyamaza hapo, ahadi yake ingekuwa imetimia. Lakini miaka ya kusema na masufuria ilikuwa imejikusanya kifuani mwake, na kipaza sauti kilikuwa kizuri. Alisikia sauti yake ikienda mpaka ukuta wa mbali na kurudi, akaona ni sauti ya mtu jasiri, akaipenda.

"Picha hizi ndizo zenye kasoro!" akasema. "Mwanadamu ni mpana kuliko ubao! Mnasema hayumo? Tazameni!"

Akanyoosha mikono, akamtwaa Tunu kutoka kifuani mwa mama yake, akamwinua juu ya umati.

"Tazameni kama huyu si mtu!"

Mtoto alikuwa amevaa fulana ya manjano na soksi. Alipepesa macho kwa sababu ya jua, akaanza kulia. Kamera zote zikafumba na kufumbua. Mkalimani, kwa bahati mbaya, siku hiyo alitafsiri kila neno, na wafadhili wakasimama, wengine wakifuta machozi, wakapiga makofi wasitake kuacha.

Waziri aliwatazama wafadhili. Akamtazama mtoto. Msomaji asifikiri kwamba mtu hufika uwaziri kwa kushindwa kusoma upepo.

"Naam!" akanguruma, akimsogelea Kidawa na kuingia ndani ya picha zilizokuwa zikipigwa. "Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikitaka kusema! Serikali ilikwisha kuliona hilo zamani. Kuanzia leo kutakuwa na Picha ya Tatu, na picha hiyo ni huyu!"

Watu wa Idara wakavua glavu zao taratibu, kama walioandaliwa chakula kisha kikaondolewa. Bwana Lutambi akazunguka. Kidawa akavalishwa nishani ya ujumuishi, na aliposhuka jukwaani kila mtu alitaka kumshika mkono. Alimtafuta Nyamizi ampongeze. Nyamizi alikuwa amekwisha kumnyakua mwanawe na kwenda zake kwa miguu, bila kugeuka.

*

Mabango yalifika kwa lori kabla juma halijakwisha. Yalibandikwa kwenye kuta za chuo, zahanati, soko, mashine ya kusaga, hata mlango wa choo cha stendi. Juu yake palikuwa na uso wa Tunu akilia, mkubwa kuliko uso wa mtu mzima, na chini yake, kwa herufi nyekundu: HUYU NAYE YUMO. Na ili hata mmoja asidhani ni porojo, Serikali ikaongeza jina la mtoto, jina la mama, na mtaa wanakoishi.

Hakuna aliyekuja tena na kisu. Walikuja wengine. Walikuja akina mama kupimisha sare ilhali hawana watoto shuleni, wakiuliza mtoto huogeshwa saa ngapi. Walikuja vijana wakaketi ng'ambo ya njia wakitazama kamba ya nguo. Mgombea udiwani alimtuma mpambe wake kuomba, kwa heshima zote, kipande cha ukucha wa mtoto, kwa kuwa mganga wake amemwambia kitu kama hicho hufungua njia. Sadala alimfukuza kwa chuma cha kuchomelea. Tangu hapo hawakumwacha mtoto hata kwa jirani.

Kidawa alikwenda kwao. Nishani aliiacha nyumbani. Nyamizi alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Mama Tunu, angalau hawakumkata," akasema Kidawa.

"Hawakumkata. Hilo nakushukuru, na nitakushukuru mpaka nife." Sauti yake haikupanda. "Lakini mimi nilikuomba umwone, mwalimu. Hukuombwa umwonyeshe."

Kidawa akafungua kinywa. Alikuwa na maneno mengi kuhusu mapambano na vizazi vijavyo. Mengine alikuwa ameyasema redioni siku ya pili baada ya sherehe. Yote yakamwisha.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuchukulia mtoto mikononi bila kukuuliza. Nilikuwa natafuta kusikika."

Ndani mtoto alikohoa, naye Nyamizi akaingia, akaurudisha mlango.

Kidawa akarudi chuoni, akachukua ndoo, sabuni na kisu butu cha kukwangulia rangi. Hakwenda kumuuliza Bwana Lutambi. Alianza na ukuta wa mashine ya kusaga, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na nyumba ya Nyamizi. Gundi ya Serikali ilikuwa nzuri. Kila kitu kingine katika nchi ya Unyoofu kilibanduka, ila hiyo. Alilowesha, akakwangua, akalowesha tena. Watu wakasimama kutazama. Kinyozi wa darasani kwake akapita, akasimama, akarudi na ndoo ya pili, akaiweka chini.

Baadaye kidogo akasikia chuma kikisugua ukuta upande wa pili. Alikuwa Sadala na brashi yake ya waya. Na nyuma ya Sadala, mtoto amefungwa mgongoni na kufunikwa kabisa, alikuwa Nyamizi. Hakumsalimu mwalimu. Alichukua kona ya chini ya bango, akaanza kukwangua kwa kucha.

Polisi akafika. Alikuwa mtu mnene, amechoka, na kofia yake ilimbana.

"Mnafanya nini na mali ya Serikali?"

"Usafi, afande," akasema Kidawa.

Polisi akatazama ukuta. Uso ulikuwa umekwisha kubanduka. Yalibaki maneno na mtaa. Akamtazama Nyamizi na kile kivimbe kidogo kinachopumua mgongoni mwake. Akatazama njia, huku na huku.

"Jina la mama bado linasomeka," akasema kwa sauti ndogo. "Pale. Sugueni pale." Akaenda zake.

Wakasugua pale. Jina likatoka, ukabaki ukuta wenye mikwaruzo, unachuruzika maji. Nyamizi akajipangusa mikono kwa upindo wa kanga, na kwa mara ya kwanza akamgeukia Kidawa.

"Na miji mingine, mwalimu?"

Lori la mabango lilikuwa limekwisha kwenda huko kote. Kidawa akainama, akachovya kitambaa kwenye ndoo, wakavuka njia kuelekea ukuta wa zahanati.